Kwodi inaelemewa mlimani: nibadilishe sproketi ya mbele au ya nyuma?

*Swali: Habari za kazi mtaalamu. Nina kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) aina ya Honda TRX400EX ya mwaka 2003. Niliinunua Dar es Salaam kwa mtu na sasa ninayo huku Lushoto. Sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) ya mbele ina meno 15, ya nyuma 38. Tairi za nyuma zilikuwa za inchi 20, aliyeniuzia akafunga za inchi 22 ili isigonge mawe. Napita nayo njia za msituni kuelekea Magamba, nyembamba, zenye mawe na udongo mwekundu, mara nyingi natembea polepole sana. Kwenye mlima gia namba moja injini inazima, nikiminya klachi nusu inanuka kuungua. Fundi anasema niweke sproketi ya mbele ya meno 16 ipate nguvu. Rafiki anasema niweke ya nyuma ya meno 44. Cheni sijawahi kubadilisha. Nimsikilize nani?*

Pole na usumbufu, ndugu yangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: kwa maelezo haya, injini yako huenda haina ugonjwa wowote mkubwa. Unachoeleza ni kwodi inayolazimishwa kutembea taratibu kuliko gia yake ya kwanza inavyoruhusu. Kati ya mawe unataka kwenda kilomita 6 au 7 kwa saa. Gia namba moja, kama ilivyo sasa, haijisikii vizuri mpaka ifike kama 10. Pengo hilo unaliziba kwa kuminya klachi nusu, na sahani za klachi zinasuguana muda wote huo. Harufu unayoisikia ni ya sahani hizo. Ukiiachia klachi kabisa, mizunguko ya injini inashuka mno na inazima. Hali zote mbili zina chanzo kimoja: gia ni nzito kwa njia unayopita.

Fundi wako naomba nimpinge kwa heshima. Sproketi ya mbele ya meno 16 itafanya shida yako iwe kubwa zaidi. Najua wazo hilo linakotoka: kitu kikubwa kinaonekana chenye nguvu. Lakini hebu zungusha picha kichwani. Sproketi ya mbele ikizunguka mara moja inavuta pingili 15 za cheni. Ya nyuma inahitaji pingili 38 ili izunguke mara moja. Kwa hiyo ya mbele lazima izunguke mara 2.53 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kadiri injini inavyopewa mizunguko mingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, ndivyo inavyosukuma kwa wepesi na ndivyo mwendo unavyopungua. Ukiweka 16 mbele, mizunguko hiyo inashuka hadi 2.38, na mzigo juu ya injini unaongezeka. Aliyewahi kupanda mlima na baiskeli ya gia anaujua ukweli huu miguuni: unatafuta duara dogo mbele na kubwa nyuma.

Jambo la pili ni neno lenyewe "nguvu". Hakuna sproketi inayoongeza nguvu ya injini. Inachofanya ni kubadilishana: unatoa kasi, unapewa msukumo kwenye gurudumu, au kinyume chake. Mtu akikuahidi vyote viwili kwa pamoja, muulize kimetoka wapi.

Rafiki yako yuko upande sahihi, ila njia aliyochagua ni ngumu na ina hasara zake. Nitamrudia.

Kabla ya meno tuangalie tairi, maana hapo ndipo kwodi yako ilipoanza kuelemewa. Tairi ni gia ya mwisho kabisa kati ya injini na ardhi, na watu wengi husahau kuihesabu. Tairi ya inchi 20 ikizunguka mara moja inasogea karibu mita 1.60. Ya inchi 22 inasogea karibu mita 1.76. Ni asilimia 10 zaidi kwa kila mzunguko, na asilimia hiyo inatoka kwenye msukumo. Aliyekuuzia alikupa milimita 25 za nafasi chini ya ekseli, jambo zuri kwenye mawe, lakini bila kujua alikufungia gia nzito zaidi ya ile iliyotoka kiwandani. Ukigawanya 2.53 kwa 1.10 unapata 2.30. Hicho ndicho kipimo unachoendeshea leo, ukikilinganisha na kwodi yenye tairi za asili. Ukifuata ushauri wa meno 16 utabaki na 2.16, yaani karibu asilimia 15 nzito kuliko Honda walivyoitengeneza.

Namba ya inchi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi si sahihi kila mara, kwa sababu watengenezaji hutofautiana na tairi zilizolika hupungua. Kama unataka uhakika, chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine chini sakafuni, mtu mmoja akae juu, sukuma kwodi mpaka mstari urudi chini, kisha pima umbali kwa futi. Fanya hivyo upepo ukiwa sawa. Tairi za kwodi hizi hutumia upepo mdogo sana, kwa kawaida psi (kipimo cha upepo) 3 hadi 5, na geji za kawaida za gereji hazisomi vizuri huko chini. Nunua geji ya upepo mdogo. Nimeandika hili kwa sababu kijana wa kujaza upepo barabarani, aliyezoea bodaboda na magari, anaweza kukujazia 25 kwa nia njema, na hapo kwodi itarukaruka juu ya mawe kama mpira na kukosa mshiko kabisa.

Chanzo kingine ni mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400, na njia za Magamba zinapanda zaidi ya hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza nguvu kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hilo huwezi kulizuia. Unachoweza kuzuia ni la pili yake: kabureta iliyopangwa pwani ikipandishwa mlimani hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fungua plagi baada ya kutembea dakika 20 na uitazame ncha yake kwenye mwanga. Ikiwa ya kahawia ya mchanga, iache. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu yanayopaka kidole, mchanganyiko ni mzito na kwodi inakosa hata ile nguvu ambayo hewa ya Lushoto ingeiruhusu. Safisha kwanza chujio la hewa, maana likiziba hutoa dalili ileile. Likiwa safi na plagi bado nyeusi, fundi anayejua kabureta apunguze jeti kubwa (kitundu cha kupitisha petroli) namba moja au mbili. Fanya haya kabla ya kununua sproketi yoyote. Usije ukapunguza meno kutibu ugonjwa wa kabureta.

Vivyo hivyo angalia waya wa klachi. Mkono wa klachi, ukiupima nchani, unatakiwa ucheze milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa umekazwa bila mchezo wowote, klachi haishiki kikamilifu hata ukiwa umeiachia, na itaungua kwenye gia yoyote utakayofunga.

Sasa tuje kwenye meno, na nikupe hesabu ulinganishe mwenyewe. Ukibaki na nyuma 38 na tairi za inchi 22, kisha ukaweka 14 mbele, kipimo kinapanda kutoka 2.30 hadi 2.47. Bado hujafika hata pale kiwanda kilipoanzia, umekaribia tu. Ukiweka 13 mbele unapata 2.66, nyepesi kwa asilimia 5 kuliko ya kiwandani na kwa asilimia 15 kuliko unavyoendesha leo. Ukirudi kwenye tairi za inchi 20 na kuweka 14 mbele, unapata 2.71, nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko leo. Na ushauri wa rafiki yako, 15 mbele na 44 nyuma kwenye tairi za inchi 22, unakupa 2.67. Tazama vizuri: ni sawasawa na kuweka 13 mbele.

Basi kwa nini usiweke 44? Kwanza, kila jino unaloongeza nyuma linaikuza sproketi kwa karibu milimita 5 kwa upana, yaani milimita 2.5 kushuka chini. Meno sita ni milimita 15. Ulipata milimita 25 kwa tairi kubwa, na 15 kati ya hizo unazirudisha pale panapouma zaidi, kwa sababu sproketi na cheni ndivyo vitu vinavyoning'inia chini karibu na mawe. Jiwe moja likiingia kati ya cheni na meno linaweza kupinda sproketi au kukata cheni katikati ya msitu. Pili, cheni yako haitatosha. Meno sita zaidi yanadai ekseli isogee mbele kama milimita 24, nafasi ambayo huenda haipo, kwa hiyo utanunua cheni ndefu zaidi. Tatu ni kazi yenyewe. Sproketi ya nyuma imefungwa katikati ya ekseli, na ili itoke lazima uvue gurudumu na kitovu chake, chenye nati kubwa na kota pini, ndipo uitelezeshe kupitia ncha ya ekseli. Kitovu kilichokaa miaka 20 kwenye vumbi na maji hakitoki kwa kubembelezwa. Ya mbele ni kazi ya saa moja, ya nyuma inaweza kumaliza siku.

Kupunguza mbele nako kuna gharama, nisikufiche. Kwenye sproketi ya meno 15 kila pingili hukunjwa nyuzi 24 inapozunguka. Kwenye meno 13 hukunjwa karibu nyuzi 28. Juu ya hapo, duara likiwa dogo cheni huvutwa kwa nguvu zaidi ili kutoa msukumo uleule. Kwa hiyo cheni na sproketi ndogo huisha mapema. Pia cheni inashuka kama milimita 5 kuelekea mkono wa nyuma unaobeba ekseli, na pale mbele ya mkono huo kuna kipande cha plastiki au mpira kinachozuia cheni isikwaruze chuma. Kikiwa kimelika, cheni itaanza kula mkono wenyewe. Kikague, na ukikiona kimechimbika mfereji mzito, kibadilishe pamoja na sproketi. Meno 12 sikushauri kabisa kwa kwodi hii.

Ushauri wangu ni huu. Kama njia zako zina mawe makubwa na unaona kweli unahitaji urefu wa tairi za inchi 22, weka 13 mbele na uache 38 nyuma. Kama mawe si tatizo kubwa, au tairi zile zinakaribia kuisha, rudi kwenye inchi 20 na uweke 14. Mimi ningechagua hii ya pili. Msukumo ni uleule au zaidi kidogo, cheni inapumua, na kwodi inakaa chini, kitu cha maana sana kwenye miteremko ya pembeni huko milimani. Lakini wewe ndiye unayejua mawe ya njia yako.

Utakachopoteza ni mwendo wa juu. Pale ulipokuwa unafika kilomita 70 kwa mlio fulani wa injini, ukiwa na 13 mbele utafika 61 kwa mlio uleule. Kwa anayepita msituni hiyo si hasara. Kwa anayesafiri nayo umbali mrefu barabarani, ni kelele na petroli. Faida utaiona chini: kama leo gia namba moja inaanza kutembea bila klachi kwenye kilomita 10 kwa saa, itaanza karibu 8.7. Inaonekana ndogo ikiwa kwenye karatasi. Kwenye kona ya mlima yenye mizizi, hapo ndipo unapoiachia klachi na kuacha kuinusa.

Kabla hujaenda dukani, jua namba ya cheni yako. TRX400EX hutumia cheni ya 520: kutoka pini hadi pini ni milimita 15.875. Sproketi zilizojaa kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda, Tanga hata Korogwe, nyingi ni za cheni ya 428, ambayo ina milimita 12.7 kati ya pini na pini. Hata shimo la katikati likifanana kwa macho, meno hayatakubali cheni yako. Usikubali kusagiwa wala kuchomelewa. Kuna pia cheni za 525 na 530 zenye umbali uleule wa pini lakini pana zaidi, na sproketi zake ni nene mno kuingia ndani ya 520. Njia salama ni kuvua sproketi ya zamani, kuiosha na kwenda nayo mkononi: linganisha unene wa meno, idadi ya mifereji ya shimo la katikati, na kipenyo chake. Ukiagiza kwa simu, tuma picha ya pande zote mbili ikiwa na rula pembeni.

Ulisema cheni hujawahi kuibadilisha. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Cheni ikichakaa hurefuka, na cheni iliyorefuka ikipandishwa kwenye sproketi mpya huyala meno yake ndani ya muda mfupi. Ivute iwe imenyooka, hesabu pini 21 na upime kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Ikiwa mpya ni milimita 317.5. Ikifika 321 imekaribia mwisho wake, hasa kama ni yenye oringi (vipete vya mpira kwenye pini). Ikizidi 324 itupe. Kisha tazama meno ya sproketi ya nyuma kwa karibu: jino zima lina mabega mawili yanayolingana. Jino lililokwisha limeinama upande mmoja kama wimbi linalotaka kuvunjika, na ncha yake ni kali. Ukiona hivyo, nunua seti nzima: mbele, nyuma na cheni. Na kama nyuma lazima ifunguliwe kwa sababu hiyo, bado rudisha 38.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Osha kwodi kwanza, hasa nyuma ya kifuniko cha sproketi ya mbele, ambapo udongo mwekundu na oili huganda kama keki. Simama mahali pasawa, zuia magurudumu, ingiza gia na ushike breki ya nyuma. Fungua kifuniko, kisha legeza bolti za sproketi cheni ikiwa bado imekaza, maana ukiilegeza kwanza sproketi itazunguka na spana. Kwenye Honda hizi sproketi hushikwa na kibati chenye bolti mbili ndogo za milimita 6. Vichwa vyake mara nyingi vimejaa udongo uliokauka. Uchokoe kwa bisibisi nyembamba mpaka spana ya boksi izame hadi chini, la sivyo utazivua pembe. Bolti zikitoka, zungusha kibati kidogo mpaka meno yake ya ndani yalingane na mifereji ya shafti, kitatoka chenyewe. Kwodi nyingine zina nati moja kubwa yenye washa iliyokunjwa ukingo. Hiyo inanyooshwa kwa patasi kabla ya kufungua.

Sasa legeza bolti zinazobana nyumba ya beringi za ekseli na usogeze ekseli mbele ili cheni ilegee, utoe sproketi. Hapo simama kidogo na uangalie shafti. Mifereji yake iwe na kingo zilizosimama. Ikiwa imelika na kuwa ya mviringo, au sproketi mpya inacheza kulia na kushoto kwa kiasi kinachoonekana, acha kazi. Angalia pia sili iliyo nyuma ya sproketi: ikivuja oili mbichi, huu ndio wakati wa kuibadilisha, kwa kuwa uko hapo tayari.

Paka grisi nyembamba kwenye mifereji, ingiza sproketi mpya, rudisha kibati na kaza bolti zake taratibu, karibu Nm 12 (kipimo cha mkazo wa bolti). Bolti za milimita 6 hukatika haraka zikikazwa kwa hasira, na kipande kilichobaki ndani ni kazi ya siku nyingine. Kama cheni yako inaungwa kwa klipu, upande wa klipu uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Ukiifunga kinyume, kijiti au jiwe kitaichomoa.

Ukiwa na 13 mbele, ekseli itarudi nyuma kama milimita 8 ili cheni ikaze. Kama cheni ni ya zamani na marekebisho yalikuwa yamekaribia mwisho, hutapata nafasi hiyo, na ni ishara kuwa cheni inabadilishwa leo. Kwenye kwodi ambazo nyumba ya beringi inazunguka ndani ya mkono wa nyuma, ekseli husogea kwa kuizungusha, na inabaki imenyooka yenyewe. Kwenye zile za bolti za kusukuma, linganisha alama za pande zote mbili.

Mchezo wa cheni uwe milimita 30 hadi 40, ukipima katikati ya upande wa chini, kwodi ikiwa frii chini ya uzito wake. Sukuma kwodi kidogo kidogo na upime sehemu tatu au nne, kisha tumia ile iliyokaza zaidi. Kuna kosa linalofanywa hata na mafundi wazoefu: wanakaza cheni mpaka inapendeza macho. Mkono wa nyuma ukipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na huwa mrefu zaidi pale ekseli, mhimili wa mkono na sproketi ya mbele vinapokaa mstari mmoja. Cheni iliyokazwa sana ikifika hapo inavuta beringi za ekseli na beringi ya shafti ndani ya injini. Mwambie mtu mzito akae juu, abonyeze, uhakikishe bado inacheza kidogo.

Kwa kuwa klachi imenuka mara nyingi, mwaga oili ya injini hata kama siku zake hazijafika. Klachi hii inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na chembe za sahani zilizoungua zimo humo. Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, yaani inayofaa klachi inayoogelea ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya namna hii itateleza.

Baada ya mabadiliko, kwodi utakayopanda si ileile, na hili nalisema kwa uzito. Msukumo wa ziada unainua mbele. Kwenye mlima mkali, ukikaa nyuma ya kiti na kuongeza mafuta ghafla ukiwa gia namba moja, inaweza kusimama na kukupindukia. Panda ukiwa umeinamia mbele, ongeza mafuta pole, na pale mlima unapokuruhusu tumia gia namba mbili. Kwenye mteremko injini itakushika zaidi ukiachia mafuta. Kwenye mawe makavu ni faida. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kumbuka ekseli yako ya nyuma ni moja isiyo na difu (gia inayoruhusu kila gurudumu kuzunguka kwa kasi yake), magurudumu yote mawili yanashikwa kwa pamoja, na yakiacha kuzunguka kwodi inateleza ubavu. Weka mafuta kidogo badala ya kuachia kabisa. Siku ya kwanza izoee kwenye uwanja na kilima kidogo kabla ya kurudi msituni.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, yanahitaji fundi aiguse kwodi. Kama ukiwa gia namba nne au tano unaongeza mafuta na injini inapiga kelele bila mwendo kuongezeka, sahani za klachi zimekwisha, na sproketi haitaziokoa. Kama mifereji ya shafti imelika, injini lazima ifunguliwe, na hiyo si kazi ya uani. Shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise: likicheza, beringi za ekseli ziende kwanza. Gia ikiruka yenyewe ukiwa mlimani, usiendelee kupanda nayo.

Na kwa wasomaji wengine wenye kwodi za kazi zinazotumia mkanda na shafti, zile zenye gia za juu na chini bila mkono wa klachi: haya ya meno hayawahusu, hakuna sproketi ya kubadilisha. Kwenu, kama mmefunga tairi kubwa, dawa iko kwenye puli na vizito vyake.

Ukishafunga, tembea kilomita 30, kisha fungua kifuniko uangalie zile bolti mbili na upime cheni tena. Cheni mpya hulegea mapema mwanzoni, baadaye hutulia. Ukiona kibati kimeanza kucheza, kiondoe uweke kipya. Kinagharimu kidogo sana, na ndicho kinachozuia sproketi isitoke kwenye shafti ukiwa katikati ya mlima.